Bakuli la Matabaka na Neno Ruhusa

Jeddah, Ijumaa asubuhi, Oktoba 2018

Anga ni jeupe bila wingu, na hewa ni nzito kiasi kwamba kioo cha dirisha la jikoni kinatokwa jasho kwa nje. Nyumba nzima imelala. Mimi nimeamka na neno moja kichwani. Ni neno "bukra", ambalo kwa lugha ya hapa maana yake ni kesho, na ambalo niliambiwa jana.

Kwa wasomaji wapya wa ukurasa huu, naomba kujitambulisha kwa ufupi. Naitwa Kadzo, mzaliwa wa Mariakani, mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa Al-Naseem, jijini Riyadh. Hapa Jeddah nipo kwa siku chache tu. Madam wangu amekuja kumtembelea mama yake mzazi, Hajja, anayeishi mtaa wa Al-Safa, nami nimeletwa kwa ajili ya kitindamlo kimoja. Nitakieleza kitindamlo hicho, kwa sababu kwa wiki nzima nimekuwa nikiamini kwamba hatima yangu imo ndani yake.

Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Kiswahili hiki ninachokiandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa nyama na matangazo yaliyobandikwa nje ya ofisi ya chifu. Baadaye majirani walianza kunijia niwaandikie maombi yao: huyu wa mpaka wa shamba, yule wa kuongezewa muda wa karo. Sisemi kwamba maombi yote yalikubaliwa. Nasema kwamba hakuna hata moja lililorudishwa kwa sababu halikueleweka.

Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo.

Sasa nieleze haja yangu. Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka jana alikuwa akiona vivuli. Sasa anamtambua mtu kwa sauti ya nyayo. Mwezi ujao madaktari wa macho watafika hospitali ya karibu na kwetu, na jina lake limekubaliwa kwa upasuaji. Baada ya upasuaji anahitaji mtu wa kumtia dawa, kumshika mkono hadi chooni na kumzuia asiinamie moto. Ndugu yangu Karisa ni dereva wa malori. Leo yuko Malaba, kesho hajulikani alipo. Nilipendekeza jirani. Mama alinijibu kwa simu, bila kupandisha sauti:

"Kadzo, mimi sifunguliwi bandeji nikaona ukuta. Kama huji, liache jicho lilale."

Namfahamu mama. Hilo halikuwa tishio. Ni uamuzi, na amekwisha kuufanya.

Kwa hiyo ninahitaji kwenda nyumbani na kurudi. Kibali cha kutoka na kurudi hutolewa na kafili peke yake, yaani mwajiri, ambaye kwetu ni Baba, mume wa madam. Na hakuna jambo la mfanyakazi linalomfikia Baba bila kupitia kwa madam.

Nikajiandaa kuwasilisha ombi.

Hapa lazima nikiri jambo. Wafanyakazi wenzangu wana lugha yao ya kuombea. Husema, "Ana yibi ruh sefer," maneno yaliyookotwa jikoni na kusimamishwa bila viungo, mfano wa mtu kusema "mimi taka enda safari". Huelewana na mabosi wao, sikatai. Lakini kila nilipoyasikia nilihisi kama ninaona mtu akiingia ofisi ya chifu bila viatu. Niliapa kwamba siku ya haja yangu nitasema neno kamili.

Na nilikuwa na nadharia. Nilikwisha kugundua kwamba Kiswahili kizuri na Kiarabu ni ndugu wanaofanana usoni. Sisi tunasema sukari, wao wanasema sukkar. Baridi ni barid. Sahani ni sahn. Hata kitindamlo hiki cha matabaka, madam alipokitaja mara ya kwanza nilielewa bila kuonyeshwa, kwa sababu alikiita tabakat. Basi nikajiuliza: mtu anayeomba kwa heshima huomba nini? Huomba ruhusa. Nao wana neno rukhsa, nimelisikia kwa masikio yangu. Niliona njia imenyooka.

Wiki iliyopita, Al-Naseem, madam akinywa kahawa sebuleni, nilisimama mbele yake mikono ikiwa nyuma na kusema, "Madam, min fadlik, ana abgha rukhsa." Tafadhali, nataka ruhusa. Nilikusudia kuendelea na maelezo niliyoyakariri, lakini alishusha kikombe.

"Inti? Rukhsa?" Wewe? Ruhusa?

Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, kicheko chepesi kisicho na ubaya. Kisha akanitazama usoni na kuuliza kama macho ni mazima. Uyun zein?

Moyo wangu ulijaa shukrani. Wakati wa Ramadhani niliwahi kumtajia juu ya macho ya mama, nami nikadhani amesahau. Nikamjibu kwa uzito unaostahili: "La, madam. Uyun mushkila kabir." Hapana, macho ni shida kubwa.

Alicheka mpaka akajishika kifua. Niliona ajabu, lakini watu wakubwa wana namna zao za kupokea habari nzito. Alipotulia akasema, tuone baada ya hafla, inshallah.

Baada ya hafla. Maneno hayo ndiyo niliyosafiri nayo kutoka Riyadh hadi hapa, njia nzima, jangwa lote.

Hafla yenyewe ni ya majira. Mdogo wake madam alisoma ng'ambo, na huko aliona watu wakisherehekea majani yanapogeuka rangi na kuanguka. Akataka familia nayo isherehekee. Kamusi yangu inasema majira hayo ni vuli, lakini vuli ya kwetu ni mvua za kupanda, na ya hapa sijui ni nini. Jana nje kulikuwa na joto la kumtoa mtu mafuta. Ndani, mdogo wake madam alibandika majani ya karatasi, mekundu na ya manjano, kwenye pazia na juu ya televisheni, akaamuru kiyoyozi kishushwe mpaka wageni waweze kuvaa sweta. Madam naye alikwisha kuwaahidi wote kwamba mfanyakazi wake wa Riyadh ataleta tamu ya matabaka isiyoingia tanuri.

Kitindamlo hiki nakimudu. Chini kabisa ni biskuti za chai zilizopondwa na kuchanganywa na siagi, zikabanwa kwa kitako cha glasi. Juu yake ni tende zilizolainishwa kwa kahawa na iliki. Kisha krimu iliyopigwa mpaka ikasimama. Juu ya yote ni boga, lililochemshwa, likapondwa na kutiwa mdalasini, nalo ndilo linaloleta rangi ya majani yaanguka­yo. Bakuli huwa la pembe nne na la kioo, ili mgeni aone kila tabaka limelala mahali pake. Hapo ndipo penye heshima ya kazi, na hapo pia ndipo penye hatari, kwa sababu kioo hakifichi.

Jikoni mwa Hajja kuna mwenyeji, Rehema, Mkenya mwenzangu aliyekulia Nairobi, Dandora. Ana miaka mingi Jeddah kuliko mimi Riyadh. Ni mchangamfu, na hanionei haya hata kidogo.

"Umekuja na mizani ya kupimia biskuti?" aliniuliza nilipokuwa nikizibana. "Ama pia hizo unaziandikia barua kwanza?"

Niliendelea kubana. Nilikuwa nikitetemeka mikono, naye aliona.

Nilimweleza kwa nini. Nilimweleza juu ya mama, juu ya mwezi ujao, juu ya kauli ya madam kwamba tutaona baada ya hafla. Nikamwambia ninavyohisi: kwamba hili bakuli likisimama, ombi langu litasimama, na likianguka, basi.

"Na ulimwambia aje?" akauliza Rehema.

"Nilimwomba ruhusa."

"Ulisema sefer?"

"Nilisema ruhusa, kwa Kiarabu chake."

Rehema aliacha kumenya vitunguu. "Kadzo, si ungesema tu sefer kama watu wote? Ulikuwa unaomba ama ulikuwa unahutubia bunge?"

Nilimwambia kwamba ombi ni ombi, na kwamba madam alilipokea kwa furaha. Akainua mabega na kurudi kwenye vitunguu vyake. Laiti ningemuuliza swali moja zaidi. Lakini mimi si mtu wa kuuliza maana ya maneno. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa.

Kisha boga likanisaliti.

Kule Riyadh hewa ni kavu. Boga nililopika huliacha kwenye sinia karibu na dirisha, na kabla sijamaliza kuosha vyombo mvuke wake wote umekwisha kwenda, likabaki zito kama udongo wa kufinyanga. Jana nilifanya vivyo hivyo. Nililitandaza kwenye sinia, nikaliweka dirishani, nikaosha vyombo. Lakini hii ni Jeddah, mji ambao taulo iliyoanikwa jana bado ni mbichi leo. Boga halikukauka. Nadhani lilikunywa maji ya hewani. Nami, kwa kuwa mkono umezoea kuliko jicho, nililimimina juu ya krimu bila kulijaribu.

Niliinama kutazama kioo kwa pembeni. Tabaka la rangi ya machungwa lilikuwa likishuka taratibu ndani ya lile jeupe, kwa mistari kama ya machozi.

Nilikaa kwenye kigoda.

Sijui kama nimewahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa bakuli lile. Nilimwona mama amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya wodi, mikono mapajani, akiwaambia manesi kwamba wampitishe mwingine kwanza, yeye anamngoja mtu. Nilimwona akirudi nyumbani bila kupasuliwa.

Rehema alikuja akasimama juu yangu, akaligusa bakuli kwa kidole.

"Hii kitu inatetemeka kuliko wewe," alisema. Kisha sauti yake ikalainika. "Simama, mama. Yalla. Leta zile biskuti zimebaki."

Tuliziponda biskuti mpaka zikawa unga, tukaunyunyiza juu ya boga ili unywe maji. Halafu tukalibeba bakuli, yeye upande huu na mimi upande ule, mpaka stoo kwenye friza ya nyama. Rehema alizihamisha bamia na kuku, akalipangia nafasi, akafunga mlango. Watoto wa wageni walipoanza kufika na kuzunguka-zunguka wakitafuta aiskrimu, aliweka kiti mbele ya mlango wa stoo na kukaa hapo akimenya vitunguu vyake, kama askari wa benki.

"Na wakiuliza kwa nini rangi zimeingiliana," alinishauri, "sema ni majani yanaanguka. Si ndiyo sherehe yao?"

Ilipofika zamu ya vitamu, nililitoa. Kingo zilikuwa zimeganda vizuri. Katikati bado palikuwa na mtikisiko. Nililibeba mpaka sebule ya wanawake nikihesabu pumzi zangu, nikaliweka juu ya meza, kati ya majani ya karatasi.

Walilisifu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hajja mwenyewe aliomba kipande cha pili. Mabega yangu yalianza kushuka. Nilikuwa nikigawa sahani pembeni, nikisubiri madam anitupie jicho, ishara yoyote kwamba anakumbuka.

Akakumbuka. Aliwageukia wageni, akanionyesha kwa kijiko na kuanza kusimulia. Kiarabu chake kilikimbia, lakini niliyadaka maneno mawili: rukhsa, na uyun. Kisha akainua mikono yote miwili mbele ya kifua na kuizungusha hewani, huku amefumba macho.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mgeni mmoja alijifuta machozi kwa pindo la shela.

Mimi niliitazama ile mikono inayozunguka na kuona mtu anayekoroga bakuli. Niliyatazama yale macho yaliyofumbwa na kuona ya mama yangu.

Niliziweka sahani chini, moja juu ya nyingine, ili zisitoe sauti. Nikaenda jikoni. Sikulia. Nilifungua bomba nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Miongoni mwa wageni alikuwamo jirani wa Hajja, Bi Zuwena, mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Unguja wakati wa mapinduzi na kuhamia huku. Kiswahili chake ni cha nyumbani kwao, hakijapata kutu. Alinifuata jikoni akiwa na kikombe mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Nipatie maji moto kidogo." Alikaa kwenye kigoda. "Hebu niambie. Kweli wataka kuendesha gari, na wewe mwenyewe wasema macho hayaoni?"

Nilidhani sikumsikia vyema. Nikamwomba arudie.

"Bibiye ndivyo atuhadithiavyo. Kwamba wanawake wamefunguliwa kuendesha, yeye mwenyewe bado hajathubutu, na mtumishi wake keshamjia asubuhi anataka leseni. Amuuliza, je, macho yako mazima? Wamjibu, macho ni shida kubwa." Bi Zuwena alijizuia kucheka, kwa adabu, lakini kikombe kilimtikisika. "Watu hoi."

Mikono iliyozunguka ilikuwa imeshika usukani.

Nilizima bomba. Nilimweleza kila kitu, kwa sentensi ambazo naona aibu kuzikumbuka, kwa kuwa hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Alisikiliza mpaka kicheko kikamwisha usoni.

"Ah, mwanangu. Ruhusa ya kwetu siyo rukhsa ya hawa. Hapa ukilisema hilo neno pekee, halina kitu mbele, mtu afahamu leseni. Hasa mwaka huu, ndiyo usiseme. Kwenda kwenu yaitwa ijaza. Na nyie wafanyakazi mwasema sefer, na kila mtu afahamu." Akashusha kikombe. "Nikusemee?"

Ilikuwa fadhila kubwa. Kiarabu chake ni cha kuzaliwa, na wangemsikiliza kama mtu wa rika lao. Sijui hata sasa kwa nini nilikataa. Labda ni kiburi kile kile kilichoniponza. Nilimwambia kwamba nashukuru sana, lakini ombi ni langu.

"Haya. Basi sema kama mtu wa jikoni, usiseme kama kadhi."

Wageni walipoanza kuvaa abaya zao, madam aliingia jikoni amebeba lile bakuli mwenyewe. Lilikuwa limebaki kipande kwenye kona. Alikuwa akikila kwa kijiko, amesimama, viatu ameshavivua, na alikuwa na furaha ya mtu ambaye sherehe yake imefanikiwa. Alinyanyua kijiko kunisifu.

Nilikausha mikono. Rehema, aliyekuwa akipanga vikombe, aliacha kupanga.

Nikasema, na nayaandika hapa kama nilivyoyasema:

"Madam. Ana mafi yibi siyara. Ana yibi sefer. Mama ana, uyun halas. Mama yibi shuf ana."

Tafsiri yake ni hii: Mimi hapana taka gari. Mimi taka safari. Mama mimi, macho kwisha. Mama taka ona mimi.

Hakuna kitenzi kilichonyambuliwa. Hakuna "kwa unyenyekevu mkubwa". Ni maneno ambayo ningemrudishia mteja wangu yeyote wa Mariakani na kumwambia akae, tuanze upya.

Madam aliacha kutafuna.

Aliliweka bakuli mezani. Kisha aliinua kiganja chake, akayafunika macho yake mwenyewe, na kuuliza taratibu, "Mama mafi shuf?" Mama haoni?

"Mafi shuf, madam."

Kutoka sebuleni Hajja alikuwa akimwita binti yake aje aage wageni. Alimwita mara ya pili. Madam hakwenda. Alisimama pale, kiganja kimeshuka mpaka kinywani, na niliona uso wake ukirudi nyuma, mpaka ile siku ya kahawa Al-Naseem, ukilipitia jibu langu upya. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nilikuwa na jibu refu. Sikulisema.

Alichukua simu, akatoka ukumbini. Baba yuko Riyadh kwa kazi. Nilisikia sauti yake kupitia mlango, nikadaka "sefer", nikadaka "mama yake". Rehema alinishika kiwiko, jambo ambalo si kawaida yake.

Madam alirudi. Alisema, "Baba yigul bukra." Baba amesema kesho. Akaenda kuaga wageni.

Bukra.

Nimelala nalo neno hilo na nimeamka nalo. Mkaaji wa nchi hii atanielewa. Fundi wa kiyoyozi cha chumba changu cha Al-Naseem alisema bukra kabla ya Ramadhani, na mpaka tunaondoka alikuwa bado anakuja. Duka la pazia lilisema bukra mpaka madam akanunua kwingine. Kuna bukra ambayo ni siku inayofuata leo, na kuna bukra ambayo ni njia ya upole ya kufunga mlango. Zinaandikwa sawa. Zinatamkwa sawa. Na mimi, niliyejivunia maneno miaka yote hii, sijui nimepewa ipi.

Rehema amepita hapa sasa hivi kuchukua maji, macho bado yamevimba usingizi. Amenikuta nikiandika.

"Bukra ya hawa watu ni ya kufukuzia," ameniambia. "Usikae hapo na adabu zako ukingoja uitwe. Akiamka, mwambie. Asipokusikia, mwambie tena."

"Nitamsumbua."

"Eeh. Ndiyo maana yake."

Kabla ya kuanza kuandika nilifungua friji. Madam aliagiza jana kwamba kile kipande cha kona kilichobaki kihifadhiwe, atakila asubuhi na chai. Nimekitazama kwa pembeni, kwa mazoea. Biskuti chini, tende, krimu, boga. Kila tabaka limeshika mahali pake, limekakamaa, mstari kwa mstari kama daftari. Sasa ambapo hakuna wa kulikagua, limeamua kusimama. Nimekitoa nikakiweka kwenye sahani ndogo, na chai nimeitenga.

Jioni mama atapiga simu kwa simu ya jirani. Hataniuliza kama nimepewa ruhusa. Ataniuliza tu kama nakuja, na nitatakiwa kumjibu kwa neno moja.

Sijaandaa ombi jipya. Nimejitahidi, na kila sentensi nzuri niliyoitunga asubuhi hii nimeifuta. Nimebakiwa na maneno mawili tu, ya jikoni, ambayo nimekuwa nikiyarudia kimya kimya karibu na dirisha hili linalotokwa jasho. Nataka yaeleweke.

Mlango wa chumba chake umefunguliwa. Nasikia ndara zake kwenye vigae, zinakuja huku. Naiweka simu chini. Nitamkabidhi sahani yake, nitasubiri aketi, kisha nitamwambia:

Madam, alyom bukra.

Leo ndiyo kesho.